Mbona jua la Februari linachelewa? Majibu ya mkokotoaji wa ratiba za swala

Kila Februari naulizwa swali hilohilo: mbona ratiba inasema jua la Unguja litachomoza saa 12:27 asubuhi, na mwezi wa Novemba lilikuwa limeshatoka saa 11:56? Wengi huwa wameshajijibu wenyewe, kwamba usiku umerefuka. Haujarefuka.

Chukua ratiba yenyewe. Tarehe 5 Novemba jua linachomoza saa 11:56 alfajiri na kuzama saa 12:17 jioni. Tarehe 5 Februari linachomoza saa 12:27 na kuzama saa 12:48. Piga hesabu: siku zote mbili mchana una saa 12 na dakika 21. Kilichotokea ni kwamba mchana mzima umesogea mbele kwa nusu saa, macheo, adhuhuri na machweo kwa pamoja.

Sababu ni kuwa kutoka jua kufika juu kabisa leo mpaka lifike tena kesho si lazima zipite saa 24 kamili. Mwishoni mwa Desemba zinapita saa 24 na nusu dakika hivi, kwa kuwa njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Saa ya ukutani haina habari na hayo. Nusu dakika leo, nusu dakika kesho, ikifika Februari deni limekuwa kubwa. Jambo hili lipo dunia nzima, ila London hulioni kirahisi kwa sababu urefu wa mchana wenyewe unabadilika mno hata ukalifunika. Kwetu hakuna cha kulifunika.

Maana Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kabisa, mwezi wa Desemba, ni saa 12 na dakika 28; mfupi kabisa, mwezi wa Juni, ni saa 11 na dakika 46. Nairobi, iliyo nyuzi 1 na kidogo, tofauti hiyo ni dakika 9 basi. Ndiyo maana saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabu jua likishatoka, inatutosha mwaka mzima. Mpelekee mtu wa Oslo saa hiyo uone atakavyotaabika.

Kanuni ninayoitumia kuwaelekeza vijana wanaojifunza kazi hii ni fupi: latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka ikweta, inaamua mabadiliko yawe makubwa kiasi gani; kizio, yaani nusu ya dunia uliyopo, ya kaskazini au ya kusini, kinaamua yaje mwezi gani. Muscat na Maputo ziko mbali na ikweta kwa umbali unaokaribiana, moja kaskazini, nyingine kusini. Zote mbili hupata mchana wa zaidi ya saa 13 na nusu, lakini Muscat huupata Juni na Maputo Desemba.

Hapo kuna dhana moja inabidi niitoe njiani. Bado nakutana na watu wazima, wengine walimu, wanaoamini kwamba baridi huja dunia ikiwa mbali na jua. Dunia inalikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na kuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Januari hiyohiyo Wazungu wa kaskazini wanatetemeka kwa baridi. Kinachofanya kazi ni mwinamo wa mhimili, nyuzi 23.4: kizio kilichoelekea upande wa jua kinapata mchana mrefu na miale iliyosimama, kingine kinapata saa chache na miale ya kulala, inayotawanyika juu ya eneo kubwa.

Ukitaka kuuona mwinamo huo kwa macho, angalia kivuli chako adhuhuri. Unguja, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 9 Oktoba, jua linapita utosini na kivuli kinajificha chini ya miguu. Kati ya siku hizo, yaani Machi hadi Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu. Na tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana, linakuwa utosini mwa Kaaba. Kwa vile Unguja na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, kivuli cha kijiti wakati huo kinalala kusini, na kibla ni upande wa pili wake. Linarudia katikati ya Julai, saa 6:27. Nimeona misikiti ikihakikisha kibla kwa njia hii, na naiamini kuliko dira ya simu.

Ratiba za ughaibuni ndizo zinazoniumiza kichwa. Unguja, jua likizama, giza la Isha linaingia baada ya dakika 70 hadi 75, maana jua linatumbukia karibu wima. London linazama kimshazari, na tangu wiki ya mwisho ya Mei hadi wiki ya tatu ya Julai halifiki kabisa nyuzi 18 chini ya upeo. Kwa kipimo hicho, ambacho ndicho cha giza la Isha, Isha haiingii. Wanaotumia nusu ya usiku wataiweka karibu saa 7 usiku. Wanaogawa usiku mafungu saba, Isha ikaingia mwisho wa fungu la kwanza, wataiweka karibu saa 4:24. Mimi napendelea la pili, kwa sababu watu wana kazi asubuhi. Ukikuta ratiba mbili za Juni zinapishana saa mbili na nusu, usiseme mmoja kakosea; soma chini ya jedwali ametumia njia gani.

Tromsø, kaskazini mwa Norway, jua halizami tangu karibu 20 Mei hadi 22 Julai. Huko sianzi kazi mpaka wenyewe waniambie wanafuata mji gani: wapo wanaochagua saa za Makka, wapo wanaochagua mji wa karibu ambako jua bado linazama.