Je, wajua kwa nini kikokotoo bado kinawanyima usingizi watumishi wa umma?

Ingia ofisi ya walimu ya shule yoyote ya msingi Tanzania Bara wakati wa chai ya saa nne, taja kikokotoo, kisha usikilize. Mwenye miaka 58 atakuuliza kama umesikia lolote jipya. Mwenye miaka 30 atauliza hadi zamu yake ifike kutakuwa kumebaki nini. Wauguzi, watendaji wa kata na makarani wa halmashauri wanaulizana hayohayo, na tangu mwaka 2018 hoja hii imekuwa ikirudi bungeni na kwenye sherehe za Mei Mosi. Kwa nini hesabu moja ya mafao iwatie hofu watu ambao wengine wao wamebakiza miaka ishirini kustaafu?

Kikokotoo ni kanuni ya hesabu inayoamua mambo mawili: mstaafu apewe kiasi gani cha mkupuo siku anapoondoka kazini, na alipwe kiasi gani kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Kabla ya 2018 kulikuwa na mifuko kadhaa ya pensheni na kila mmoja ulikuwa na utaratibu wake. Wanachama wa PSPF, waliokuwa wengi serikali kuu, na wale wa LAPF wa serikali za mitaa walikuwa wakipata nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Wenzao wa PPF na NSSF walipata asilimia 25. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria iliyounganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, ulioanza kazi Agosti mwaka huo. Kanuni zilizofuata ziliweka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote. Malalamiko yakawa makubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli, baada ya kukutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, aliagiza hesabu za zamani zirudi hadi mwaka 2023.

Hata hivyo, 2023 haikusubiriwa. Kuanzia Julai 2022 kikaja kikokotoo cha asilimia 33 kwa wote. Juni 2024, kwenye hotuba ya bajeti, serikali ikatangaza asilimia 40 kwa waliokuwa kundi la 50, na 35 kwa waliokuwa kundi la 25. Wengi walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Lakini hapa ndipo naomba tusimame kidogo, kwa sababu mjadala wote umekuwa wa asilimia, na asilimia ni sehemu moja tu ya hesabu.

Chukua mwalimu aliyeajiriwa na miaka 25 akastaafu kwa lazima na miaka 60, baada ya miezi 420 kazini. Mshahara wake wa mwisho ni shilingi 1,200,000, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya PSPF, mshahara huo wa mwaka uligawanywa kwa 540 kisha ukazidishwa kwa miezi 420. Jibu ni 11,200,000, ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5 kupata mkupuo wa shilingi 86,800,000. Nusu nyingine ililipwa kidogokidogo, kama 466,667 kwa mwezi.

Hesabu ya sasa inagawanya kwa 580, si 540. Pensheni kamili ya mwaka inashuka hadi 10,427,586. Kizidisho nacho si 15.5 tena, ni 12.5. Ukichukua asilimia 40, mkupuo unakuwa 52,137,931, na pensheni ya mwezi 521,379. Kwa asilimia 33 ya mwaka 2022, mwalimu huyuhuyu angeondoka na milioni 43 tu, chini ya nusu ya aliyokuwa akiipigia hesabu.

Sasa linganisha. Kwa kikokotoo cha asilimia 40 mkupuo umepungua kwa takriban shilingi milioni 34.7, na pensheni ya mwezi imeongezeka kwa 54,712. Ukiambiwa kwamba kilichopungua mwanzoni kitarudi taratibu kila mwezi, gawanya mwenyewe: itachukua zaidi ya miaka 50. Mstaafu wa miaka 60 atakuwa amevuka 110.

Zaidi ya hapo, hata serikali ikirudisha asilimia 50 kesho bila kugusa 580 na 12.5, mkupuo wa mwalimu huyu utakuwa 65,172,414, bado pungufu kwa zaidi ya milioni 21, na pensheni yake ya mwezi itashuka hadi 434,483, chini ya ile ya zamani. Na hapa nimemhesabia mshahara uleule pande zote mbili. Hesabu mpya haitazami mshahara wa mwisho, bali wastani wa miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho. Aliyepandishwa daraja mwaka mmoja kabla ya kustaafu, baada ya kusubiri miaka, anapoteza tena hapo.

Upande wa serikali una hoja, na si ya kubezwa. Mfuko unapokea asilimia 20 ya mshahara, 5 kutoka kwa mtumishi na 15 kutoka kwa mwajiri, na kwa mafao yale makubwa usingeweza kuhimili kadiri watu wanavyoishi muda mrefu zaidi baada ya kustaafu. Pia haikuwa haki watumishi wawili wa umma wenye mshahara sawa watofautiane mafao kwa sababu tu ya jina la mfuko. Waliotoka kundi la 25 wamepata nafuu ya kweli kwenye mkupuo. Lakini sehemu ya udhaifu wa mfuko haikuletwa na watumishi. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hawakuchangia kabisa. Pensheni ililipwa na Hazina. PSPF ilipoanza ilibebeshwa pia miaka hiyo isiyo na michango, na deni la serikali likakua hadi matrilioni ya shilingi. Mwishoni mwa 2021 serikali ililipa sehemu yake kwa hatifungani maalumu ya trilioni 2.17. Mtumishi anayeijua historia hii lazima aumie anapoambiwa kwamba yeye ndiye apunguze matarajio ili mfuko usimame.

Na matarajio yenyewe ni ya mahitaji tu. Wengi hawana njia nyingine ya kushika milioni hamsini kwa pamoja. Mshahara una makato ya mkopo wa benki hadi ibaki ile theluthi inayolindwa na sheria. Nyumba inajengwa kwa awamu: msingi mwaka huu, tofali mwaka kesho, na bati linangoja kiinua mgongo. Mwalimu anayeishi nyumba ya shule anajua siku ya kukabidhi funguo. Laki tano kwa mwezi inatosha sukari, dawa na umeme, lakini haiezeki nyumba. Halafu kuna hofu isiyosemwa kwa sauti: nikifa mapema? Wategemezi wana mafao yao kwa masharti yake, lakini pensheni iliyobaki hairithiwi kama akiba ya benki.

Kuna jambo moja zaidi linaloeleza kwa nini hata mwenye miaka 30 ana wasiwasi. Hesabu hizi zimebadilishwa mara kadhaa ndani ya miaka sita, kwa kanuni, maagizo na matangazo, huku mtumishi akiwa katikati ya utumishi. Mkataba alioamini amejiunga nao akiwa kijana sio atakaostaafu nao.

Kwa hiyo likitangazwa pendekezo jingine, usiulize asilimia peke yake. Uliza inagawanywa kwa ngapi, inazidishwa kwa ngapi, na ni mshahara upi unaohesabiwa. Wakati huohuo chungulia taarifa yako ya michango, ambayo sasa inapatikana hata kwenye simu kupitia programu ya PSSSF Kiganjani. Kwa mwalimu wetu, mwezi mmoja usioonekana kwenye kumbukumbu unamgharimu zaidi ya shilingi 124,000 za mkupuo, na kama 1,240 kila mwezi kwa maisha yake yote. Afisa utumishi anaweza kurekebisha kosa kama hilo ukiwa bado kazini na hati za mshahara za miaka ile ukiwa nazo mkononi.