Saa Kumi na Nusu Jioni, Giza na Kadi Yako

Hapa Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, mwishoni mwa Desemba jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni. Kwa aliyekulia Kisumu au Morogoro, ambako mwaka mzima magharibi huingia saa kumi na mbili na kitu, hilo si jambo dogo. Unatoka kazini usiku umeshatanda, theluji imefunika gari, hakuna kibaraza cha kukaa wala jirani wa kupiga naye soga. Unaingia ndani, unavua mabuti, unashika simu.

Ninafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo, na kila mwaka kuanzia Januari wanachama huja tupitie madeni ya kadi zao za mkopo. Mama mmoja anayehudumia wazee alinifungulia risiti kwenye barua pepe, na kila risiti ilikuwa na saa yake. Blanketi la tatu, dola 34, saa nne na robo usiku. Taa za urembo, dola 19, saa tano kasoro. Sufuria ya umeme, karibu saa sita. Maboksi mawili alikuwa hajayafungua hata kidogo. Aliniambia kwamba alichokuwa akikitaka ni kukuta kitu kinamsubiri mlangoni.

Sikumlaumu, na nawe usijilaumu. Mwaka 2008 Cynthia Cryder, Jennifer Lerner na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu waliotazama filamu fupi ya huzuni walikuwa tayari kulipa bei kubwa zaidi kwa chupa ya maji kuliko waliotazama filamu isiyogusa hisia. Wenyewe hawakuona kwamba huzuni ndiyo iliyowasukuma. Sasa fikiria miezi minne ya giza, ukiwa na simu inayokumbuka namba ya kadi yako.

Hesabu yake iko hivi. Umemaliza sikukuu ukiwa na deni la dola 1,200 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni dola 24. Ukilipa dola 60 kila mwezi bila kuongeza deni, utamaliza baada ya miezi 26 hivi, na riba itakuwa imekula karibu dola 350. Yaani majira mengine mawili ya baridi yatakukuta bado unalipia manunuzi ya sikukuu hizi. Na Januari ndipo shule zinapofunguliwa Kenya na Tanzania, na simu za karo zinaanza kuingia.

Kwa hiyo ninachowaomba wanachama ni kuilinda ile saa ya usiku wanaposhika simu. Futa namba ya kadi kwenye simu na kwenye programu za maduka, ili kila ununuzi ukulazimishe kunyanyuka na kutafuta pochi. Ukipenda kitu, kiache kwenye kikapu hadi kesho mchana, ukitazame tena kukiwa na mwanga. Wengi huniambia kesho yake hata hawakukikumbuka.

Lakini upweke nao unahitaji dawa yake, na hapa kuna ugumu ambao watu wa nyumbani hawauoni: saa mbili usiku huku, Nairobi na Dodoma ni saa kumi na moja alfajiri. Wamelala. Ukitegemea sauti ya mama ikutoe kwenye simu ya manunuzi, utamkosa. Mpigie asubuhi, saa kumi na mbili yako, kwao ni saa tisa alasiri. Jioni tafuta watu wa huku huku: mazoezi ya kwaya, chama cha akina mama, maktaba ya mtaa ambayo ina joto na haina kiingilio. Na kama huzuni inakuja kila baridi hadi kitanda hakikuachii, muone daktari. Ni ugonjwa unaojulikana na unatibika.

Simwambii mtu abane matumizi kwenye koti, mabuti na glavu. Baridi ya hapa inaua vidole. Ila usinunue Novemba kwa bei ya juu kama unaweza kungoja: Februari na Machi maduka huyashusha bei ili yaondoke. Tena nenda kwenye maduka ya nguo zilizotumika. Nguo zisizouzwa huko ni miongoni mwa zile zinazofungwa marobota na kufika masoko ya mitumba ya Gikomba, Nairobi, na Karume, Dar es Salaam. Hapa unachagua kabla ya robota kufungwa.

Usitumie Desemba fedha za marejesho ya kodi ambazo bado hujazipata. Wanaodai nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC, kisheria hawawezi kulipwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kabla ya katikati ya Februari.

Bili ya kupasha nyumba joto ndiyo inayotangulia kila kitu. Kuna mpango wa serikali wa msaada wa nishati, LIHEAP, na wapangaji nao huomba. Minnesota pia ina kanuni ya kuzuia kukatiwa joto kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, lakini ukikaa kimya haikulindi. Lazima uipigie kampuni na mkubaliane malipo, kisha uyatimize. Piga siku bili inapokushinda, usingoje barua ya onyo. Sema: siwezi kulipa yote, naomba mpango wa malipo chini ya kanuni ya baridi. Andika tarehe na jina la aliyekupokea.