Je, wajua kwa nini bastola ya hewa hufungwa vyuma mdomoni wakati hairushi teke?

Ukiziangalia kwa karibu bastola za shabaha za mita 10, zile ambazo wengi wetu tulianza kuzifuatilia baada ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mmoja kaweka mfukoni, kubeba medali ya fedha Olimpiki ya Paris 2024 na mwenzake Tarhan, utakuta nyingi zina vyuma vidogo vimefungwa kwa skrubu chini ya mtutu, karibu na mdomo. Havifanyi kazi nyingine yoyote, ni uzito tu. Gramu 10 hapa, 20 pale, na sheria ya mashindano ya kimataifa inaruhusu bastola nzima ifike gramu 1500, basi. Sasa mtu anayeenda kunyoosha mkono mmoja mara 60 ndani ya saa moja na robo, kwa nini ajiongezee mzigo, tena sehemu ya mbali kabisa na kiganja?

Mimi kwa muda mrefu nilijua jibu ni teke. Yaani kichwani kwangu kila kitu chenye mtutu kikifyatuliwa kinaruka juu, kwa hiyo chuma cha mbele kipo kukandamiza mdomo usiinuke. Inaingia akilini kabisa, na wanaoanza karibu wote ninaokutana nao klabuni huku Ujerumani wanasema hivyohivyo. Ila si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Kirisasi cha milimita 4.5 kina uzito wa kama nusu gramu, kinatoka kwa kasi ya mita 150 hivi kwa sekunde. Bastola ina kama kilo moja, ni nzito mara elfu mbili, kwa hiyo inarudi nyuma kwa kasi ya sentimita saba au nane kwa sekunde, na kirisasi chenyewe kinakaa ndani ya mtutu sehemu chache sana za elfu za sekunde, tatu hivi. Mpaka kinatoka, bastola imesogea kama sehemu ya kumi ya milimita. Unene wa karatasi! Na siku hizi bastola nyingi za mashindano zina kifaa ndani kinachomeza hata hicho kidogo.

Nasisitiza hili kwa sababu kosa lenyewe lina madhara. Anayesubiri teke anabana mpini mpaka vidole vinageuka vyeupe, anakaza bega, anafumba jicho sekunde ileile ya kufyatua, halafu kirisasi kinaenda kinakokujua chenyewe, naye anaongeza chuma kingine mbele. Dawa ya ugonjwa ambao hana.

Adui wa kweli ni kidole chako. Triga ya bastola hii kisheria haitakiwi kuwa nyepesi chini ya gramu 500, yaani unavuta nguvu inayokaribia nusu ya uzito wa bastola yenyewe, kwa kidole kimoja, mkono ukiwa hewani. Ukivuta kidogo kwa pembeni, au triga ikiachia ghafla kidole kikaendelea na safari yake, mdomo unageuka. Na kugeuka ndiko kunakoua. Mkono mzima ukihama milimita 5 kushoto bila bastola kupinda, kirisasi kinahama milimita 5 hizohizo, bado ni alama kumi, maana duara la kumi lina upana wa milimita 11.5, sawa na kifungo cha shati. Lakini kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu ukilinganisha na cha nyuma, na kati yao pana kama sentimita 33, kule mita 10 umekosa kwa milimita 30. Hiyo ni saba.

Hapo ndipo chuma kinapoingia. Umeshawahi kubeba maji mzegamzega, mti begani, ndoo moja mbele na nyingine nyuma? Jaribu kugeuka haraka mtu akikuita. Mwili umegeuka, ndoo bado zinatazama kulekule, mti unakuvuta shingo. Sasa zisogeze ndoo zote mbili zigusane na bega lako, uzito ni uleule, maji yaleyale, ila unageuka kama huna kitu. Kinachokataa kugeuka ni uzito ulioko mbali, na ukiupeleka mbali mara mbili ukaidi wake unaongezeka mara nne, siyo mbili. Gramu 30 zikiwa sentimita 20 kutoka kifundo cha mkono zinakataa kugeuka mara nne zaidi ya gramu hizohizo zikiwa sentimita 10. Kidole kikikosea, mdomo unachelewa kutii, na kuchelewa huko kidogo kunatosha kirisasi kiwe kimeshaondoka.

Kifundo nacho kinalipa kwa kubeba uzito huo, ila ukiupeleka mbali mara mbili, bei yake inapanda mara mbili tu. Ndiyo maana biashara hii inalipa, mpaka mkono uchoke. Maana chuma hakizuii ule mtikisiko wa polepole wa bega na pumzi, kinazuia mshtuko wa ghafla peke yake, na ukishachoka kwenye mlio wa 45 mdomo mzito unaanza kushuka wenyewe. Kiasi gani kinafaa? Mabingwa wenyewe hawafanani, wapo wanaopenda mdomo mzito na wapo wanaotaka bastola iliyotulia katikati ya kiganja, kwa hiyo anayekuuzia namba moja ya watu wote usimsikilize sana.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni vua vyuma vyote kwanza uanze na mpini. Fumba macho, nyanyua bastola ulenge, fumbua. Kama kilengeo cha mbele kimekaa kushoto ndani ya mkato wa nyuma, usikunje kifundo kukirudisha, rekebisha mpini, pindisha au piga tupa mbao mpaka kikae katikati chenyewe. Ukifunga uzito kabla ya hapo unaongezea mzigo kifundo ambacho tayari kimepinda.

Halafu ndo chuma, kimoja kimoja. Mzee mmoja wa klabu aliniwekea sarafu ya senti juu ya mtutu, bastola tupu haina kirisasi, akasema, "Fyatua." Ikaanguka. Nikarudia, ikaanguka, mara sita hivi. Hakuongeza hata gramu moja, alilegeza skrubu akasukuma chuma kilekile mbele kama upana wa vidole viwili, akaikaza, akarudisha senti yake. Nikavuta. Triga ikalia tk, na senti ikabaki pale juu imelala.