Je wajua? Israel kuna vijana wanajiongezea mwaka mzima kabla ya jeshi, tena kwa hiari

Huku kwetu dogo akimaliza form six akaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, cha kwanza anachouliza ni inaisha lini. Sasa Israel jeshi ni lazima ukifika miaka 18, wasichana miaka 2 na wavulana karibu 3, na bado kila mwaka maelfu ya vijana wanaomba wasogezewe tarehe ya kuripoti ili wakakae kwanza mwaka mzima sehemu inaitwa mechina, Kiebrania hiyo, maana yake maandalizi. Hakuna digrii, hakuna mitihani, wazazi wanachangia hela (serikali nayo inaongezea), na nafasi zinagombaniwa. Kwanini?

Siku hizi nyingi zinachanganya wanaosali na wasiosali, ila mwanzoni haikuwa habari ya kuchanganyika kabisa. Ya kwanza ilifunguliwa 1988 huko Eli, makazi ya walowezi Ukingo wa Magharibi, na hofu ya marabi ilikuwa moja tu, kijana wao anaingia kambini na kofia yake ya dini kichwani anatoka hana kofia wala sala. Wakaona wampike kwanza kiimani mwaka mmoja, na akifika jeshini apande awe ofisa.

Halafu ikaja 4 Novemba 1995. Waziri Mkuu Yitzhak Rabin anatoka kwenye mkutano wa amani Tel Aviv, anapigwa risasi, na aliyempiga ni Yahudi mwenzake, Yigal Amir, mwanafunzi wa sheria na mshika dini. Nchi ikabaki mdomo wazi. Ujue kule hata shule za serikali zimegawanyika, za watu wa dini kivyake na za wengine kivyake, yaani mtu anaweza kufika miaka 18 hajawahi kulala chumba kimoja na mwenzake wa upande ule. Ndo kuanzia 1997 zikaja mechina za aina nyingine, Nachshon ikiwa kati ya za mwanzo, na baadaye nyingi tu ambazo zinachanganya makusudi wanaosali na wasiosali, wavulana kwa wasichana.

Patamu ni Ijumaa jioni. Jua likizama mshika Sabato hawashi moto, hagusi swichi, hapigi gitaa. Na mwenzake kitanda cha pili kakulia kibbutz (kijiji cha ujamaa, mara nyingi cha wasioshika dini), kwao Ijumaa ndo siku ya gitaa. So wanakaa kikao, wao wenyewe: taa ya korido iachwe inawaka mpaka kesho? Simu mezani ruksa? Mara nyingi mwafaka unakuwa sehemu za wote zinashika Sabato, chumbani kila mtu na lake, gitaa linapigwa mpaka jua linakaribia kuzama halafu wanaendelea kuimba kwa makofi. Jikoni nako, kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, nyama na maziwa havikutani, vyombo mbalimbali, na yule ambaye kwao walikula chochote lazima ajue sponji ipi ni ya wapi la sivyo atasemwa wiki nzima 😂

Siku nyingine wanasoma Biblia, Talmud (kitabu cha mijadala ya marabi wa kale), falsafa na siasa, wanabishana sana, wanajitolea mashuleni, wanapika wenyewe, na kuna safari za miguu za siku kadhaa jangwani Negev ambapo anayeshika ramani ni mwanafunzi. Jeshi halilalamiki maana wanaotoka huko wengi wanakuwa maofisa, na 2008 bunge likazitungia sheria yake kabisa.

Ila huo mchanganyiko una ukuta wake. Raia Waarabu wengi hawaitwi jeshini kwa hiyo humo huwakuti sana, na Wayahudi wale wa kanzu nyeusi, washika dini wa msimamo mkali, kwa miaka mingi walikuwa wanasamehewa mpaka mahakama kuu iliposema Juni 2024 nao waitwe. Wanaojifunza kuishi pamoja ni wale ambao tayari wako njia moja ya kwenda kambini.

Btw, JKT yetu ilipoanzishwa 1963, wataalam wa Israel walikuwepo kusaidia kuianzisha.