Bwawa la Kuogelea Nyumbani: Baridi ya Mbeya Haisafishi Maji

Juni ikiingia, Mbeya na Iringa watu wanatoa makoti, na wenye mabwawa ya kuogelea majumbani wanazima pampu. Hoja yao inasikika vizuri: nani ataogelea kwenye baridi hii, na mwani gani utaota? Bwawa linaachwa hivyo hivyo hadi Septemba, na jua likikolea mwenye nyumba anakuta maji yana rangi ya mchicha uliochemshwa.

Ni kweli baridi inapunguza kasi ya mwani, ila haiuui. Mchana wa Julai huku kwetu anga huwa jeupe na jua linachoma, hata kama usiku ulikuwa wa mablanketi mawili. Watu wanaangalia kipimajoto, wanasahau mwinuko. Mbeya mjini iko takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Iringa inakaribia 1,600. Kadiri unavyopanda, hewa ya kuchuja miale ya jua inapungua: kila mita 1,000, miale ya urujuanimno inaongezeka kwa asilimia 10 hivi. Miale hiyo ndiyo inayokula klorini, dawa ya kuua vijidudu majini. Klorini isiyo na kinga ikipigwa na jua kali la mchana, nusu yake inaweza kupotea ndani ya saa moja. Kwa hiyo anayemwaga dawa saa nne asubuhi anampa jua kifungua kinywa. Mwaga jioni, acha pampu izungushe usiku. Kuna pia dawa ya kukinga klorini dhidi ya jua, asidi ya sayanuriki, inayotakiwa iwe kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita. Ikizidi sana, klorini inakuwepo lakini inafanya kazi kwa uvivu. Msimu wa baridi punguza saa za pampu, usizime kabisa.

Lipo lingine linalosemwa kila mahali, si huku tu: harufu kali puani na macho mekundu ni dalili kwamba klorini imezidi. Mara nyingi ni kinyume chake. Klorini ikikutana na jasho na mkojo inageuka kuwa kloramini, na hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha, yaani ambayo haijashikwa na uchafu, karibu halinuki. Mwenye bwawa akisikia harufu anapunguza dawa, kesho yake harufu inaongezeka, anapunguza tena. Kinachotakiwa ni kupiga dozi kubwa ya mara moja, inayofikia takribani mara kumi ya klorini iliyokwisha kushikwa na uchafu, halafu watu wakae nje hadi kipimo kishuke. Na baridi yetu ina mchango wake hapa, kwa sababu watu hujipaka mafuta mazito ngozi isipauke, kisha wanaruka majini nayo. Mafuta yanakula klorini, yanaziba kichujio, na yanaacha ule mstari mweusi unaonata kwenye vigae pale maji yanapoishia. Dakika moja ya kuoga kwanza inapunguza gharama kuliko dawa yoyote ya dukani. (Ile dawa ya kuyageuza maji bluu mtu akikojoa, wazazi wanayowatishia watoto, haipo.)

Kipimo chenyewe nacho kinadanganya. Vile vitone vya bei nafuu vinavyogeuza maji kuwa ya njano vinahesabu klorini yote, ile huru pamoja na ile iliyokwisha kazi. Njano imekolea, mtu anaridhika. Tafuta kipimo kinachotoa rangi ya waridi, kinachotenganisha hizo mbili. Klorini huru isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita, na kama unatumia dawa ya kukinga jua, isishuke chini ya 2.

Hapo pH, kipimo cha uasidi wa maji, inaingia, na wengi wanaidharau. Kwenye pH ya 7.5, karibu nusu ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu. Ikipanda hadi 8, inabaki kama robo au pungufu. Yaani umenunua ndoo nzima, robo yake ndiyo inayofanya kazi. Iweke kati ya 7.2 na 7.8. Kama inapandapanda ovyo, tazama alkalini kwanza: miligramu 80 hadi 120 kwa lita ndiyo inayoituliza.

Sasa shabu na mrututu, maana hivi ndivyo vinavyopendwa na mafundi wetu. Shabu inakusanya uchafu unaoelea, unazama, na asubuhi unaona hadi kigae cha chini. Lakini haijaua kitu, na imeshusha pH. Ule utando uliolala chini unatakiwa unyonywe na kutupwa nje moja kwa moja, si kupitishwa kwenye kichujio. Mrututu una shaba ndani yake, na mkulima wa kahawa wa Mbozi anaijua shaba kwa kupambana na ukungu kwenye mibuni. Mrututu unaua mwani kweli. Vijidudu vya tumbo hauviui kwa kasi inayotakiwa, na ukizidi unatia madoa kuta na kuzipa nywele nyeupe rangi ya kijani, lawama zikaenda kwa klorini.

Hata klorini si kwamba inaua kila kitu papo hapo. Bakteria kama E. coli wanakufa chini ya dakika moja kwenye maji yaliyopimwa vizuri. Giardia, kimelea wa tumboni, anahitaji kama dakika 45. Cryptosporidium, kimelea mwingine anayeleta kuhara, anaweza kuvumilia siku zaidi ya kumi, na hapo tunazungumzia maji yenye uvuguvugu. Kwenye maji baridi klorini hufanya kazi polepole zaidi. Mtoto aliyehara asiingie bwawani, na kama alikuwa na huyo wa mwisho, angoje wiki mbili baada ya kupona. Maji yanaweza kung'aa na bado yakamlaza mtu.

Bwawa la chumvi? Ni bwawa la klorini. Mashine inavunja chumvi na kutengeneza klorini humo humo, na maji yakipoa hadi nyuzi 15 hivi, nyingi hupunguza uzalishaji au hujizima. Julai ya huku inazigusa hasa.

Wenye visima hushtuka wakiweka klorini na maji yakageuka rangi ya chai. Dawa si mbovu. Kisima kina madini ya chuma, na klorini imeyafichua. Mafinga, karibu na misitu ya Sao Hill, unga wa njano juu ya maji unaweza kuwa chavua ya mipaini wala si mwani: mwani unang'ang'ania ukutani, chavua inaelea na kukusanyika pembeni.

Basi wengine wanaona heri wamwage maji yote waanze upya. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita 1.5, linabeba lita 48,000. Hesabu maboza. Na ukilikausha Machi, udongo ukiwa umeshiba mvua, maji ya chini ya ardhi yanaweza kulisukuma bwawa tupu juu na kulipasua. Mara nyingi kupunguza sehemu na kusawazisha dawa kunatosha.

Kuhusu stoo sina mzaha. Klorini ni klorini, wanasema, kwa hiyo vidonge na ile ya chengachenga vinakaa ndoo moja. Vikichanganyika, hasa pakiwa na unyevu, vinaweza kuwaka au kulipuka. Klorini ikikutana na asidi inatoa gesi yenye sumu. Dawa inamwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye dawa. Kila ndoo iwe na kopo lake la kuchotea, kavu, na asidi ikae chumba kingine.