Korongo kwa watoto: waanze na miili yao

Walimu na wazazi wanaotaka kuwafundisha watoto kuhusu ndege aitwaye korongo huniuliza waanze na lipi. Wengi wanakuwa wameshaandaa chati ya majina na ramani ya dunia. Ushauri wangu daima ni kwamba chati isubiri. Mtoto aanze na mguu wake, shingo yake, sauti yake na namna anavyoruka. Akishajilinganisha na ndege huyu, majina ya spishi zote 15 atayauliza mwenyewe.

Kimo ndicho rahisi kuliko vyote. Korongo sarusi, anayeishi Asia ya Kusini, Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia, hufikia karibu mita 1.8, na hakuna ndege mwingine anayeruka aliye mrefu kama yeye. Piga mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho, kila mtoto asimame chini yake. Wengi wataishia kwenye kifua cha ndege, na mwalimu mwenyewe huenda akapitwa.

Kisha toa picha ya korongo aliyesimama, uwaambie waoneshe goti. Wote watagusa kile kiungo cha katikati ya mguu, kile kinachokunjwa kuelekea nyuma, na watashangaa kwamba ndege ana goti lililogeuzwa. Hicho ni kifundo cha mguu, mahali pa kisigino. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo, na linakunjwa mbele kama letu. Waambie wanyanyue visigino, watembee kwa vidole peke yake kuzunguka chumba. Hivyo ndivyo korongo anavyotembea maisha yake yote. Sijapata kuona somo la mifupa linaloingia haraka kuliko hili, hata kwa watoto wa miaka mitano.

Shingo haihitaji maneno mengi. Korongo akiruka huinyoosha mbele na miguu nyuma, mwili wote mstari mmoja. Yangeyange na jamaa zake huikunja shingo hadi mabegani. Mtoto anayelijua hili anaweza kuwatenganisha wakiwa bado mbali angani.

Sauti ni jambo lenye utajiri zaidi. Mlio wa korongo husikika kilomita kadhaa, na watoto hutaka kujua ndege mwembamba vile anaupata wapi. Jibu limo ndani ya kidari. Katika spishi nyingi bomba la hewa ni refu kuliko shingo, na sehemu iliyozidi imejikunja ndani ya mfupa wa kidari. Kwa yule korongo mkubwa mweupe wa Amerika Kaskazini, bomba hilo likinyooshwa linakaribia mita 1.5. Tafuta mpira wa kumwagilia maji, kata kipande kifupi na kingine kirefu, watoto wapulize huku wakitetemesha midomo. Wataisikia tofauti kabla hujaeleza lolote. Korongo wenye taji hawana mikunjo hiyo, na mlio wao kweli ni tofauti.

Halafu wapange wawili wawili. Dume na jike wanaoishi pamoja huita kwa kupokezana kwa mpangilio maalumu, na katika spishi kadhaa jike huitikia mara mbili kwa kila mwito mmoja wa dume. Watoto wajaribu bila kuchanganyikiwa. Ni vigumu. Watafiti huutumia mwito huu kuwatambua dume na jike, kwa kuwa kwa manyoya wanafanana.

Sasa ngoma. Hapa msiharakishe. Korongo huinama, hufungua mabawa, huruka juu miguu ikining'inia, huokota kijiti au nyasi na kurusha hewani, kisha huzunguka na kuanza upya. Mmoja akianza, mara nyingi wengine hufuata mpaka kundi zima linacheza. Vitabu vingi vya watoto huandika kwamba wanatafuta mchumba, na hapo vinaishia. Hilo ni kweli, lakini ni sehemu tu. Jozi zilizokaa pamoja miaka mingi bado hucheza, na makinda hucheza muda mrefu kabla ya umri wa kutaga. Huonekana kuwa njia ya kuimarisha uhusiano, kujifunza kuutawala mwili na kutoa msisimko unaoweza kuishia kwenye ugomvi. Wape watoto nyasi kavu, wape nafasi, wacheze. Baadaye waulize: wewe hurukaruka lini? Majibu yao yatakaribia sana yale ya wanasayansi.

Korongo wa karatasi hupendwa sana darasani, na kisa cha Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima, Japani, aliyewakunja akiwa mgonjwa na kufariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12, kinastahili kusimuliwa kwa heshima. Naomba tu kifuate baada ya ndege mwenyewe. Nimekutana na watoto wanaojua kukunja korongo mia bila kujua kwamba anakula wadudu, mbegu na vyura. Na wakisikia kwamba korongo huishi miaka elfu, waambie hiyo ni hadithi ya kale, na ukweli wenyewe unatosha: wachache waliofugwa wamevuka miaka 60.

Kuhusu hatari, wengi huanza na huzuni. Vinamasi vinakaushwa, nyaya za umeme zinawagonga, makinda yanakamatwa na kuuzwa. Korongo mwenye taji, yule wa bendera ya Uganda, yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Yote haya mtoto ayajue, ila baada ya kumpenda ndege, na pamoja na habari ya watu waliofanya kitu.

Habari hiyo ipo. Mwaka 1941 wale korongo weupe wa Amerika Kaskazini waliobaki hawakuzidi 25. Leo, pamoja na wanaofugwa, wamepita 800. Sehemu inayowagusa watoto ni namna makinda yalivyolelewa. Kifaranga wa korongo huondoka kwenye kiota mapema mno, akimfuata yule anayemlisha, na akilelewa na binadamu hukua akijiona binadamu. Kwa hiyo walezi walivaa majoho meupe yaliyoficha uso na umbo, wakanyamaza kimya, na kuwalisha kwa kikaragosi chenye kichwa cha korongo. Hili pia ndilo jibu la mtoto anayeuliza kwa nini asimlete kifaranga nyumbani.

Kisha kuna njia ya kuhama. Kinda hujifunza njia kwa kuwafuata wakubwa, nao hawa hawakuwa na mkubwa wa kufuata. Kuanzia mwaka 2001 marubani waliovaa majoho yaleyale waliwaongoza kwa ndege ndogo nyepesi kutoka Wisconsin hadi Florida. Wakajifunza kuhama, na majira yaliyofuata walirudi wenyewe. Ila wengi wao hawakuwa hodari wa kulea makinda yao, na mpango huo wa marubani ukasimamishwa mwanzoni mwa mwaka 2016. Nguvu zikahamia kwenye kuwaacha korongo wazima wawalee vifaranga. Watoto wa miaka tisa au kumi wasimulie mpaka hapo, usiishie kwenye marubani. Watakuuliza ni kitu gani mzazi korongo anamfundisha mwanawe ambacho mtu aliyevaa joho hawezi, na swali hilo watafiti bado wanalifanyia kazi.