"Tumeila na hamna aliyeumwa": haya, na nguruwe je?

Jana tena. Mpwa wangu wiki ijayo anapandia ndege KIA kwenda Uholanzi, kanitumia picha wasap, ndoo ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ya kukaanga, kama kilo nne hivi, "anko hii inapita?" Namwambia uwanja wa ndege wa huko haipiti, anajibu kama wanavyojibu wote, "mbona imeiva, tumeila hapa nyumbani na hamna aliyeumwa". Mi ni daktari wa mifugo hapa Moshi na hayo maneno yameshaniota sugu masikioni.

Jamani, hamna anayehangaika na tumbo lako! Homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu, hata ungekula nyama yenye kirusi mpaka uzeeke. Anayeogopewa ni nguruwe wa huko unakoenda. Kirusi chake kinakaa miezi kwenye nyama ya chumvi au ya kukaushwa, kwenye friza ndo usiseme. Ngiri wetu porini anacho na hata chafya hapigi. Sasa wewe unakula, mfupa unatupa, makombo yanaishia kwenye banda la mtu, maana nani hapa Moshi hajaona ndoo za makombo zikitoka hotelini kwenda kwa nguruwe? Ndo hivyohivyo Lisbon mwaka 1957, inaaminika makombo ya ndegeni yalilishwa nguruwe waliokuwa wanafugwa karibu na uwanja wa ndege, na ugonjwa ulioandikwa kwa mara ya kwanza 1921 Kenya, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Holili, ukawa umetua Ulaya, Ureno na Hispania wakahangaika nao mpaka miaka ya 1990. Dawa hamna, ni kuua mabanda mazima.

Kwa hiyo Umoja wa Ulaya abiria wa kutoka huku nyama sifuri, maziwa sifuri, soseji, jibini na mtindi humohumo. Samaki mpaka kilo 20, asali kilo 2.

Ila hilo la kuiva ndo linanisumbua, nisiwadanganye. Nyuzi 70 kwa nusu saa, mpaka katikati ya kipande, kirusi kinakufa, na kitimoto nyingi ya kukaanga inapita hapo. Maana yake sehemu kubwa ya nyama wanayomwaga uwanjani pengine haina kitu kabisa na inaniuma, nyama ni hela. Lakini afisa atajuaje? Anaona rangi tu, haoni moto wako ulikuwaje wala kile kipande kinono karibu na mfupa kiliachwa kibichi au la, na foleni nyuma yako ina watu mia. Anamwaga. Ningekuwa mimi ningemwaga pia.

Nimemwandikia yote haya, akakaa kimya kidogo halafu: "sawa anko, na mtori?"

Mtori una nyama, baba. Na hiyo ndoo ilete kwangu, ndimu ninazo, sitaumwa.